Hackintosh: tarakilishi ni yako au ya Apple?

Leo tuongee kuhusu Hackintosh, yaani kuendesha mfumo wa Mac kwenye tarakilishi ambayo Apple haikuitengeneza. Wako wanaouita wizi. Mimi siuiti wizi, ila siwezi kujengea kazi juu yake.

Kwanza historia kidogo. Mwaka 2005 Apple ilitangaza kuhamia chipu za Intel, na Mac za kwanza za aina hiyo zikatoka Januari 2006. Tangu hapo, ndani ya Mac mlikuwa na vitu karibu sawa na vya PC ya kawaida. Kilichobaki ni kuudanganya mfumo. Ukiwaka, hutafuta chipu ndogo iitwayo SMC, na ukiikosa hugoma. Watundu wakaandika programu ya kujifanya chipu hiyo! Baadaye ikaja OpenCore, inayoamka kabla ya mfumo na kuuaminisha kwamba uko ndani ya Mac halisi.

Apple hukataa kwa leseni: mfumo wake uwekwe kwenye mashine zenye nembo yake tu. Kampuni ya Psystar ya Florida ilianza kuuza PC zenye Mac OS X mwaka 2008. Ikashtakiwa mwaka huo huo, ikashindwa 2009, na rufaa nayo ikaanguka 2011.

Hukumu hiyo sina ubishi nayo. Psystar walikuwa wakinakili mfumo wa wenyewe na kuufanyia biashara. Lakini mwanafunzi wa Nairobi anayetaka kujifunza kuandika programu za iPhone ni kesi nyingine. Xcode haikubali pengine ila kwenye Mac. Na Apple hao hao ndio waliotoa Boot Camp mwaka 2006 ili Windows iingie kwenye Mac. Mbona mlango ufunguke upande mmoja tu?

Hata hivyo, kwa kazi ya mteja nasema hapana. Sasisho moja tu laweza kukuulia sauti, Wi-Fi au mashine nzima. Siku ya kukabidhi kazi utamweleza nini aliyekulipa?

Isitoshe, mwisho unaonekana. Novemba 2020 zilitoka Mac za kwanza zenye chipu ya Apple yenyewe, M1, na macOS Tahoe ya 2025 ndiyo toleo la mwisho kukubali Intel. Chipu hizo hazinunuliwi peke yake dukani, basi PC yako itajifanya nini?

Ushauri wangu ni huu. Ukitaka kujua tarakilishi inavyowaka, Hackintosh itakufunza mengi. Ukitaka kula kwa jasho lako, tafuta Mac ya mtumba yenye M1. Na kama kinachokuudhi ni kupangiwa mashine yako iendeshe nini, Linux haina sharti hilo, wala haikuombi risiti.

Mwaonaje wenzangu?