Tuhuma za mtaani zisikizwe barazani, si kwenye simu

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, mambo mengi yaliyokuwa yakijadiliwa langoni, dukani au katika ukumbi wa mtaa sasa hujadiliwa katika vikundi vya WhatsApp. Maji yakikatika, taka zisipozolewa, mchango wa matanga ukihitajika au mgeni asiyejulikana akionekana kwenye ploti, habari hufika simuni kabla ya jirani kubisha hodi.

Mabadiliko haya yana faida zake. Bawabu anayekesha kazini Industrial Area, mama anayefunga kibanda chake usiku, na binti wa mtaa aliyeko Doha kikazi, wote hushiriki mjadala ambao wasingeweza kuuhudhuria. Aidha, mpangaji anayeogopa kumkabili mwenye nyumba huandika malalamishi ambayo asingeyatamka hadharani.

Hata hivyo, ujasiri huo huo ndio wenye hatari. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Anayezungumza ana kwa ana humwona mwenzake akikunja uso au machozi yakimlengalenga, naye hupunguza makali au huomba radhi papo hapo. Kwenye simu, mwandishi hamwoni anayeumia. Utani wa Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hii, hutegemea sana sauti na tabasamu. Neno lile lile likiandikwa huweza kusomeka kama tusi. Kimya nacho hubadilika maana. Mzee akinyamaza kikaoni huaminika kwamba anatafakari. Kwenye simu, alama mbili za buluu bila jibu huchukuliwa kuwa dharau.

Tofauti kubwa zaidi ni katika kutoa hukumu. Barazani, anayeshtaki husimama mbele ya anayeshtakiwa na kila upande husikizwa. Kikundini, picha ya kijana hutumwa, neno 'mwizi' likaandikwa chini yake, na kufikia jioni imesambaa hadi mitaa ya mbali. Huenda mwenyewe hayumo kikundini wala hajui kwamba amehukumiwa. Katika jiji ambako washukiwa wamewahi kuuawa na umati wenye hasira, neno hilo si mzaha.

Kenya ina kumbukumbu chungu kuhusu jambo hili. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa, arafa za chuki zilipitishwa kutoka simu moja hadi nyingine bila ya waandishi wake kujulikana. Mwaka wa 2008, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Sheria ya mwaka wa 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni nayo iliweka adhabu kwa wanaochapisha habari za uongo. Aprili 2020, WhatsApp yenyewe iliamua kwamba ujumbe uliosambazwa mara nyingi utumwe kwa mtu mmoja au kikundi kimoja tu kwa wakati mmoja. Lakini hatua hizi zote hufika baada ya neno kutoka.

Kinga iliyo karibu zaidi ni jirani mwenyewe. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka wa 2013 kwa kuiga mfano wa Tanzania, ulikusudia majirani wajuane ili wailinde mitaa yao. Kuwa na nambari ya mtu si kumjua. Ukumbi wa Kaloleni ulitumika kwa mikutano ya siasa kabla ya uhuru wa 1963. Humo watu walibishana wakitazamana, kisha wakarejea nyumbani wakiwa bado majirani.

Vikundi vya simu viachiwe kazi vinavyoiweza: kutangaza, kukusanya michango na kuomba msaada wa dharura. Tuhuma za wizi, madeni ya chama na ugomvi wa wapangaji vipelekwe kwenye kikao, na penye uhalifu, polisi waarifiwe. Msimamizi anayeona picha ya mshukiwa na aifute kwanza, kisha amwite aliyeituma ajieleze mbele ya wenzake. Asiyethubutu kulirudia neno lake mbele ya jirani hakupaswa kuliandika.