KAZI ZA MIKONO: Reli za Shaba kwa Meli za Plastiki

Manowari ya Uingereza iliyoitwa Hood ilikuwa na urefu wa mita 262. Tarehe 24 Mei 1941, katika Mlango wa Bahari wa Denmark, ilipigwa na manowari ya Kijerumani Bismarck, ikalipuka na kuzama. Katika watu 1,418 waliokuwamo walisalimika 3 tu. Hata leo wapo watu, Uingereza na kwingineko, waiundao upya mezani kwa vipande vya plastiki, kwa kipimo cha 1 kwa 700. Meli nzima huwa na urefu wa sentimita 37 na nusu.

Taabu yao ni vitu vyembamba. Reli ya sitahani, ambayo baharia huishika bahari ichafukapo, ina kimo cha mita 1 hivi. Katika mfano huo haifiki milimita 1 na nusu. Plastiki humiminwa katika kalibu ikiwa ya moto, nayo haipenyi mahali pembamba mno. Nguzo ya plastiki yenye unene wa nusu milimita, ikikuzwa kufikia ukubwa wa meli ya kweli, ni gogo la sentimita 35. Nani aliyepata kuona baharia akishika gogo? Kwa hiyo mara nyingi kiwanda huiacha reli kabisa, na sitaha hubaki tupu kama sinia.

Dawa ya taabu hiyo ni shaba ya manjano, yenye unene wa milimita 0.1 au zaidi kidogo. Bamba lake husafishwa mpaka lisiwe na alama ya kidole, kisha hupakwa pande zote mbili dawa inayoganda kwa mwanga. Filamu mbili zenye mchoro hulibana mbele na nyuma, zikilingana barabara, nalo huangazwa kwa mwanga wa urujuanimno. Palipopata mwanga pameganda. Palipokuwa kivulini huoshwa, shaba ikabaki wazi. Ndipo bamba hunyunyiziwa kloridi ya feri yenye joto, ambayo huila shaba iliyo wazi kutoka pande zote mbili hadi matundu yakutane katikati.

Lakini dawa hii haili kwenda chini tu. Hula na ubavuni. Mchoraji anayechora waya kwa upana wake halisi atatoa bamba lenye nyuzi zilizokatika. Hana budi kuuchora mnene kuliko anavyoutaka, ili kilichosalia kiwe sawa. Uzuri zaidi, pengine kuliko yote, ni mstari ulioachwa wazi upande mmoja tu: huliwa nusu ya unene, na hapo ndipo ngazi au rada hukunjwa kwa unyoofu bila kupinda ovyo.

Mwenye watoto nyumbani asiifanyie kazi hii jikoni. Kloridi ya feri huchoma macho, hutia madoa yasiyotoka, na hula masinki na mabomba ya chuma. Ikiwa ni ya unga, unga ndio hutiwa majini kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya unga, kwa kuwa hutoa joto kali na mvuke mbaya. Hata ikiisha nguvu imebeba shaba, nayo ni sumu kwa samaki. Haimwagwi mtaroni, huwekwa katika chombo cha plastiki chenye kifuniko na jina lake, ikakabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka za sumu.

Anayenunua bamba lililokwisha kuliwa hana hatari hiyo. Hukata vishikizo kwa kisu chenye ncha kali, juu ya kigae au kioo, akainua reli kwa kibano na kuigandisha kwa gundi iliyochukuliwa kwa ncha ya sindano. Tone likizidi, nafasi kati ya nyaya huziba. Nyuma ya reli hiyo, mtu wa sentimita 175 husimama akiwa na kimo cha milimita 2 na nusu.