Mfereji si maji: Ratiba ya sala inapomshinda mzazi

SAA 11 alfajiri mjini Karatu, magari ya watalii huwa yameshawashwa. Dereva anahakikisha maji na chakula cha wageni vimo, kisha anaanza kupanda kuelekea lango la Lodoare, ili afike kabla halijafunguliwa saa 12. Watoto wake wamelala. Atakaporudi usiku, watakuwa wamelala tena.

Baba wa namna hii, akiwa Mkristo anayeipenda imani yake, hubeba mzigo ambao hamwambii mtu. Mwezi Aprili, mvua za masika zilipopunguza wageni, aliandika ratiba na kuibandika ukutani sebuleni: sala ya familia kila asubuhi, sura moja ya Biblia kila jioni, kufunga kila Ijumaa, ibada kila Jumapili. Ilikwenda vizuri. Msimu wa wageni ulipoanza Juni, ikabaki karatasi.

Hatari haiko katika kukosa siku moja. Akikosa siku tatu anaona aibu, na aibu inamfanya aikwepe hata ile dakika moja aliyonayo. Anajiambia ataanza upya akishatulia. Mke anaendelea peke yake, kwa kinyongo, na watoto wanajifunza kwamba sala ni jambo la kugombezana.

Mkulima hatengenezi maji

Ukiteremka kutoka Karatu kwenda Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, unakuta bonde kame linalosifika kwa vitunguu. Vitunguu hivyo hustawi kwa maji ya chemchemi, na maji hayo asili yake ni mvua inayonyesha juu, kwenye nyanda za misitu za Ngorongoro. Mkulima anachimba mfereji, anazoa tope, anasubiri zamu yake. Lakini hakuna tone hata moja analolitengeneza yeye. Na asipochimba, maji yatapita pembeni na shamba lake litakauka.

Sala, kusoma Neno, kufunga, ibada na utoaji ni mfereji wa namna hiyo. Anayekuza ni Mungu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo hilo hilo: yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini ukuaji ulitoka kwa Mungu.

Mzazi anayesahau hilo huangukia upande mmoja kati ya miwili. Ratiba ikifaulu anajiona mtakatifu kuliko jirani. Ikishindikana anajiona hafai hata kuomba. Pande zote mbili, macho yake yako kwenye jembe.

Nani anamtafuta nani?

Huko Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro, padre Mmarekani Vincent Donovan alifanya kazi miongoni mwa Wamasai katika miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 anasimulia jinsi mzee mmoja wa Kimasai alivyomkosoa kuhusu neno alilolitumia kueleza imani. Kwa mzee yule, neno hilo lilifanana na mwindaji anayempiga mnyama risasi kutoka mbali, akitumia jicho na kidole tu. Imani ya kweli, alieleza, ni kama simba anayemfuata mnyama kwa pua, macho, masikio, miguu na nguvu zake zote.

Kisha mzee akageuza mfano wake. Binadamu hudhani yeye ndiye simba anayemwinda Mungu, kumbe simba ni Mungu mwenyewe, ndiye anayemtafuta binadamu.

Kwa baba aliyeshindwa ratiba, hiyo ni habari njema. Kama Mungu ndiye anayemtafuta, hana haja ya kujiweka sawa kwanza ndipo aombe. Anaweza kuomba akiwa na usingizi, akiwa na aibu, mkono ukiwa kwenye usukani.

Kuzibua palipoziba

Mfereji ukijaa tope, mkulima wa Mang'ola hahami. Anachukua jembe na kuzibua palipoziba.

Familia nayo inaweza kuibandua ile ratiba na kuketi pamoja kuandika nyingine inayolingana na maisha yake. Siku za safari, sala ya dakika moja kabla ya kutoka. Jioni, baba akipata mtandao, anapiga simu na watoto wanamsomea aya moja. Kufunga kunahamia siku asiyoendesha, kwa sababu wageni alionao garini ni dhamana. Mama naye asiachiwe mzigo wote. Siku baba yupo nyumbani, yeye ndiye aongoze.

Zaidi ya yote, mzazi awaambie watoto ukweli: "Baba alikosa kuomba siku nyingi. Leo naanza tena, na ninamwomba Mungu anisaidie." Mtoto anayesikia hivyo anajifunza kwamba hata mtu mzima humtegemea Mungu.

Injili ya Marko, sura ya 4, ina mfano wa mtu aliyetupa mbegu shambani, akalala na kuamka, nayo ikaota na kukua asijue ilivyokuwa. Baba anayeweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe saa 10 na nusu alfajiri, akanong'ona sala na kuondoka, huenda mtoto hata asizinduke. Na aondoke kwa amani. Kukuza si kazi yake.