MAJI YA BATI LA GHALA YANAPOTEA TUKITAZAMA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mvua imekaribia. Mwaka jana ilinyesha juu ya ghala letu, maji yakamwagika chini yakala msingi. Kesho yake akina mama wakashika ndoo kwenda kufukua maji mchangani kule korongoni. Jamani, hii ni aibu yetu sote.

Juzi kwenye kisomo tulipiga hesabu ubaoni. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ghala lina urefu mita 20, upana mita 10, yaani mita za mraba 200. Basi mvua ya milimita 10 tu inatoa lita 2,000. Hizo ni ndoo kubwa 100! Hata tukitoa yanayorukia nje, ndoo 80 hazikosi. Na sisi watu wa Dodoma, kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukavu mtupu. Paa la tembe halitoi maji safi, lakini bati la ghala tunalo.

Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji umbali usiozidi mita 400. Miaka imepita, korongo liko pale pale.

Gata la ghala lilianguka mwaka jana, tangi li tupu. Kila mtu anasema ati hiyo kazi ya kamati. Mimi Katibu nakiri kosa: niliandika barua, nikakaa kungoja majibu. Kumbe misumari na miti ya kushikilia gata haihitaji barua.

Kwa hiyo Jumamosi saa 1 asubuhi kila nyumba itoe mtu mmoja. Tupandishe gata, tusugue tangi, tufunge wavu mdomoni mbu wasizaliane. Mvua ya kwanza tuiache ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo tuingize maji. Ya kunywa yachemshwe.

Ufunguo wa bomba ashike mama watakayemchagua akina mama wenyewe, maana wao ndio wanaojua uzito wa ndoo. Mtu asifulie bombani. Wazee na wagonjwa wachotewe.

Shime ndugu zangu! Mvua haingoji mkutano.

Katibu wa Chama,
Tawi la Kijiji