Anayeuza tiketi aandike na mipaka

Sisi wauza tiketi wa Dar es Salaam tuna jibu moja linalomaliza maswali yote ya mteja. Mama anauliza, "Hapo Istanbul nitafanyaje?" Anaambiwa, "Wala usihangaike mama, transiti tu." Anauliza tena, "Na hapo New York?" Anapewa jibu lile lile. Kwa Istanbul jibu ni sahihi: anashuka, anapekuliwa, anatafuta geti lake, anapanda. Kwa New York ni uongo, na uongo huo umewakosesha watu chuo, harusi na mazishi.

Ofisi yangu iko Kariakoo. Kabla ya hapo nilifanya kazi kaunta ya uwanja wa ndege, kule ambako tiketi zilizouzwa kwa maneno matamu hugonga mwamba. Kwa hiyo nayajua haya kwa pande zote mbili za dawati, na nasema hivi: anayepokea pesa ya mteja alazimishwe na kanuni amwandikie, kwa Kiswahili, ataonyesha wapi pasipoti, atachukua wapi begi lake, na anahitaji viza ya nchi gani hata kama huko anapita tu.

Nianze na Marekani, maana ndiko watu wetu wanakoumia zaidi. Viwanja vikubwa vya nchi nyingi vina ukumbi wa wapitaji. Anayetoka Dar kwenda Guangzhou kupitia Doha hukaa humo bila kuonana na uhamiaji wa Qatar, na begi lake huhamishwa bila yeye kuligusa. Marekani haina ukumbi wa namna hiyo. Ukitua pale, hata kama umebakiza saa mbili upande ndege ya Toronto au Mexico City, unahesabiwa kuwa umeingia nchini. Unapanga foleni ya uhamiaji, unachukuliwa picha na alama za vidole, unasubiri begi kwenye mkanda, unapita nalo forodha, unalikabidhi upya, kisha unapekuliwa tena kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi ile. Na kwa kuwa unaingia, lazima uwe na viza. Ipo ya wapitaji, inaitwa C-1, nayo inaombwa kwa fomu, ada na mahojiano ubalozini kama viza nyingine. Zamani Wamarekani walikuwa na mpango wa kuruhusu baadhi ya abiria wapite bila viza, wakisimamiwa na shirika la ndege. Waliusitisha Agosti 2003 kwa hofu ya ugaidi, na hadi leo haujarudishwa.

Sasa muweke hapo kijana aliyepata nafasi ya chuo Kanada. Niliwahi kumpokea mmoja kaunta. Viza ya Kanada anayo, barua ya chuo anayo, ada ya muhula imelipwa, ukoo mzima umekuja kumsindikiza na wengine wamevaa sare. Tiketi yake: Dar, Doha, New York, Toronto. Aliyemuuzia alimtafutia njia ya bei ya chini, na kweli ilikuwa ya chini. Lakini viza ya Marekani hakuwa nayo wala hakujua kwamba inahitajika. Hakupanda. Baba yake aliniuliza swali ambalo sikuwa na la kumjibu: "Binti yangu, mbona haendi Marekani?" Siku ile ile zilikuwapo safari za kupitia Istanbul na Amsterdam, kutoka hapo moja kwa moja hadi Toronto, bila Mmarekani yeyote njiani.

Abiria humlaumu binti wa kaunta. Mlaumuni kwa mengine, kwa hili hapana. Mbele yake kuna programu inayoitwa Timatic, ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Anaingiza uraia wa abiria, anakokwenda na anakopitia, programu inamwambia nyaraka zinazotakiwa. Akimpandisha mtu asiye nazo, shirika linapigwa faini na nchi iliyompokea, kisha linamrudisha kwa gharama zake. Ulaya faini hiyo inahesabika kwa maelfu ya euro kwa kila kichwa. Marekani nayo inayo ya kwake. Ndiyo maana mpaka wa Marekani kwa Mtanzania unaanzia Kipawa, kilipo kiwanja cha ndege cha Dar, kwenye mizani ya mabegi. Ofisa aliyeko kwenye kibanda cha kioo kule ng'ambo ni wa pili.

Kinachoniudhi ni kwamba taarifa hizo si siri. Wakala mwenye mfumo wa kukatia tiketi anaweza kuzisoma kwenye kompyuta yake hiyo hiyo, kabla hajapokea hata shilingi. Hazisomi kwa sababu hakuna anayemlazimisha, na kwa sababu mteja aliyetishwa na habari za viza huenda duka la jirani.

Ukiacha viza, kuna begi. Begi lina lebo yenye herufi tatu za kiwanja. Anayekwenda Columbus, Ohio, ataona CMH, na kaunta watamwambia kwa nia njema kabisa, "Begi lako limeenda hadi mwisho, mama." Limeenda, ila likifika kiwanja cha kwanza cha Marekani litashushwa kwenye mkanda limsubiri mwenyewe alipitishe forodha. Mama asiyejua hili hulipita begi lake linazunguka, akakimbilia geti, akafika Columbus mikono mitupu, na kwenye begi ndimo zilimo dawa zake za presha. Namjua aliyepatwa na hilo. Sentensi moja ya mwuza tiketi ingetosha.

Na begi la mama wa Kitanzania halina nguo peke yake. Lina dagaa, unga wa muhogo, viungo vya pilau na, Mungu amsamehe, nyama ya kukausha. Forodha wanapouliza kama amebeba chakula, anajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu kwake ile ni zawadi ya mjukuu. Jibu la hapana ndilo kosa lenyewe. Ukitaja ulichobeba, kibaya zaidi kitakachokupata ni kunyang'anywa ile nyama, maana ya kwetu hairuhusiwi; dagaa na viungo mara nyingi hupita. Usipotaja, faini ya kosa la kwanza kwa kawaida ni dola 300, na jina lako linabaki kwenye kompyuta zao. Fedha taslimu nazo: kuzibeba hakuna ubaya, ila zikizidi dola 10,000 uzitaje. Asali ya Tabora na manukato ya dyuti-frii yafungie kwenye begi kubwa pale pale ulipolichukua, kwa sababu unakwenda kupekuliwa upya na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti mkononi.

Yote haya ndani ya muda gani? Nimeona tiketi zinazouzwa na dakika 90 kati ya ndege na ndege katika kiwanja cha kwanza cha Marekani. Mfumo unaziruhusu, wakala anaziuza. Mimi chini ya saa tatu siuzi, mteja anune asinune.

Kuna njia moja wasafiri wetu wengi hawaijui. Tangu Januari 2014 maofisa wa Marekani wanakaa Abu Dhabi. Anayepitia pale kwenda Marekani humalizana nao hapo hapo, uhamiaji na forodha, na akitua anashuka kama aliyetoka jimbo jingine la Marekani. Dublin nako wapo. Foleni ni ile ile, lakini nafuu yake ni hii: ukikataliwa, umekataliwa kabla ya kuvuka bahari. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, tena anayesafiri peke yake, nafuu hiyo mimi naipandishia bei bila aibu.

Majirani zangu wa Kariakoo wanaofuata mzigo China wana ugonjwa wao: tiketi mbili. Ya kwanza Dar hadi Dubai kwa shirika moja, ya pili Dubai hadi Guangzhou kwa shirika jingine, zote zimekatwa kwa simu usiku wa manane kwa sababu zikijumlishwa zinapungua bei. Kwa macho ya mashirika hizo ni safari mbili zisizojuana. Begi linaishia Dubai. Kulifuata ni lazima uingie Falme za Kiarabu, na kuingia ni lazima uwe na viza. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili imeondoka na pesa yako, na hakuna wa kumdai. Ukiwa na tiketi moja, hata kama ndani yake kuna mashirika mawili, kukutafutia ndege nyingine ni jukumu lao. Bosi mmoja aliniambia, "Dada, mimi nimezoea Dubai." Nikamjibu kwamba Dubai haijamzoea.

Ulaya ina mtego wa aina nyingine. Mtanzania anayepitia Amsterdam kwenda Kanada hahitaji viza ya Ulaya. Akipitia Amsterdam kwenda Roma, uhamiaji wake wote uko Amsterdam, kwa sababu hapo ndipo anapoingia eneo la Schengen, la nchi za Ulaya zenye viza moja; Roma atashuka kama mtu wa humo humo. Tangu Oktoba 2025 mhuri wa pasipoti umeanza kuziachia nafasi alama za vidole na picha, kwa hiyo muda wa foleni hiyo uhesabiwe. Mkoba wa mkononi unakaguliwa na forodha kiwanja cha kwanza cha Ulaya, begi kubwa kiwanja cha mwisho. Nyama na maziwa marufuku. Matunda yanayopita bila cheti cha afya ya mimea ni matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Embe dodo halimo. Aliyeandika orodha ile aliikumbuka duriani, ambayo hata hotelini huko kwao Asia inafukuzwa kwa harufu, akasahau embe.

Halafu pasipoti si sawa. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaokuja kukata tiketi kwangu siwauzii njia ile ile ninayomwuzia mtu wa Temeke. Kongo imo katika nchi 12 ambazo raia wake wanatakiwa na Schengen wawe na viza ya kiwanjani, hata kama hawatoki nje ya ukumbi wa wapitaji, isipokuwa wachache wenye nyaraka kama viza ya Marekani au ya Kanada. London imetukumbatia wengi zaidi: Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongo, wote tunahitaji viza ya kupitia tu, nayo ina misamaha yake kwa wenye viza za nchi chache. Wakala anayesema "London ni transiti tu" bila kuuliza pasipoti ya wapi, huyo anabahatisha na pesa ya mtu.

Tena kuna miji yenye viwanja viwili. Tiketi inaandika Istanbul na Istanbul. Kumbe unashuka kiwanja kipya upande wa Ulaya na kuondokea Sabiha Gökçen upande wa Asia. Paris ina Charles de Gaulle na Orly, London ina Heathrow na Gatwick. Kuvuka mji ni kuingia nchi. Zisomeni hizo herufi tatu.

Hata kurudi nyumbani kuna cha kuangalia. Ukisubiri zaidi ya saa 12 kiwanjani Nairobi au Addis Ababa, nchi zenye hatari ya homa ya manjano, Tanzania inakudai kadi ya chanjo ukifika. Muwe nayo.

Wenzangu katika biashara wananiambia haya yote yameandikwa kwenye masharti ya tiketi. Yameandikwa, ndiyo: kwa Kiingereza, kwa herufi za kupimia macho, kwenye kurasa ambazo mteja hapewi mpaka amelipa. Wengine wanasema abiria ni mtu mzima, ajitafutie. Mbona mfamasia hamwambii mteja wake hivyo? Anamwandikia kutwa mara tatu, baada ya chakula, ingawa maelezo yote yamo ndani ya boksi.

Tanzania ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga lililoundwa kwa ajili ya huyu huyu mama wa Columbus. Ninachoomba kwao kinaenea kwenye nusu karatasi. Kila kiwanja cha njiani kiwe na mstari wake: utaonyesha pasipoti au hapana, utachukua begi au hapana, viza ipi, una saa ngapi. Chini yake jina na saini ya aliyeuza. Mteja akikwama kaunta kwa sababu karatasi ilidanganya, nauli irudishwe na aliyesaini.

Mimi naiandika tayari, kwa peni, na inanikosesha biashara. Juzi juzi baba mmoja alikaa ofisini kwangu karibu saa nzima nikimchorea njia ya mwanawe kwenda Winnipeg. Akashukuru, akakunja karatasi yangu mfukoni, akaenda kununua njia ile ile duka la pili kwa bei ya chini kidogo, kwa mtu ambaye hakupoteza hata dakika moja kumweleza chochote. Siwezi kumlaumu, pesa ni yake. Lakini karatasi ile ikiwa ni lazima kwa kila duka la mtaa huu, yule wa duka la pili naye itabidi akae chini asome Timatic, na punguzo lake tutaona kama litabaki lile lile.