Tusitie saini kwa Kiingereza cha kukisia



Leo hatuzungumzii hina wala gauni la nikaha. Tunazungumzia kitu ambacho bibi harusi huwa hakiandiki kabisa kwenye orodha yake ya matayarisho: Kiingereza chake. Si kile cha kuagizia juisi hotelini, hicho tunacho. Tunasema kile cha kusoma karatasi mpaka mwisho na kuielewa kabla ya kuweka jina letu chini.

Wengi wetu tumefika kidato cha nne. Huku bara tulisoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha tulipoingia kidato cha kwanza vitabu vyote vikageuka Kiingereza, na tukavuka hivyo hivyo. Matokeo yake tuna Kiingereza cha katikati. Tunajibu meseji, tunafuata filamu, tunaelewa habari nusu na robo. Walimu wa lugha wana vipimo vilivyotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ngazi sita kuanzia A1 hadi C2. Ya nne, B2, ni ya mtu anayeshika hoja kuu za maandishi magumu na kuzungumza bila kumchosha anayemsikiliza. Wengi wetu tumesimama mlangoni mwa ngazi hiyo miaka na miaka, hatuingii wala haturudi.

Maoni yetu ni kwamba pale mlangoni ndipo penye hatari kuliko kote. Asiyejua kabisa hutafuta mtu amsomee. Anayejua vizuri husoma mwenyewe. Wa katikati anaona aibu kuuliza, basi anakisia, kisha anatia saini.

Sisi tunaoshona huku Nyahanga, Kahama, tunaishi katikati ya dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu upo upande mmoja, na Buzwagi uliokuwa karibu kabisa na mji ulisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni zinazoitaka migodi iwape Watanzania nafasi ya kuuza bidhaa na huduma. Maana yake mwanamke mwenye vyerehani vyake anaweza kuomba zabuni ya kushona ovaroli. Lakini karatasi za kazi kama hizo mara nyingi huja kwa Kiingereza, kurasa nyingi, herufi ndogo.

Na huku hatuhitaji kufundishwa kwamba maneno ya mkataba ni mali. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kupitia upya masharti hasi kwenye mikataba ya maliasili. Ikiwa nchi yenye wanasheria wake imelazimika kurudi kusoma upya ilichosaini, sisi wenye vyerehani viwili tunapata wapi ujasiri wa kusaini kwa kukisia?

Sasa tuseme kinachotuangusha ni nini. Siyo yale maneno makubwa. Neno kubwa tukiliona tunashtuka, tunaliangalia kwenye simu. Yanayotuponza ni maneno madogo tunayodhani tunayajua.

Chukua "by" na "until". Kwa Kiswahili zote mbili tunaweza kusema "mpaka Ijumaa". Mteja akiandika anataka magauni "by Friday", anasema yasipite Ijumaa, yakiwahi ni heri. Akiandika anayataka "until Friday", anataka kukaa nayo kisha ayarudishe Ijumaa. Wa kwanza anashonesha, wa pili anakodi! Ukichanganya hapo, umeharibu harusi ya mtu.

Chukua "unless". Wengi tunaisoma kama "if" kwa sababu zote zinanukia "kama". Karatasi ikisema malipo ya awali yanarudishwa "unless the order is cancelled", maana yake yanarudishwa isipokuwa oda ikifutwa. Anayekisia anaelewa kwamba oda ikifutwa atarudishiwa pesa. Amesoma kinyume kabisa, na pesa imekwenda.

Chukua "may" na "shall". Ya kwanza inampa mtu hiari, ya pili inamfunga. Mkataba ukisema wewe "shall" na wao "may", basi wewe umefungwa na wao wako huru. Hilo halihitaji shahada kuliona, linahitaji jicho lililozoezwa.

Na nyakati za vitenzi je? Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, kisha kinatutega. Tuna -li- na -me-, nao wana "I paid" na "I have paid". Ila sisi tunaweza kusema "nimelipa jana" na hakuna anayeshtuka. Wao ukitaja jana ni lazima "I paid yesterday". Tuna -nge-, nao wana "would". Muuza lesi wa ng'ambo akikuandikia "we would send it if you paid in full", amesema wangetuma kama ungelipa yote. Hapo hajatuma, wala hajaahidi kutuma kwa hicho ulicholipa. Usiende kumwambia bibi harusi kwamba lesi iko njiani.

Lipo na neno "interest". Shuleni tulifundishwa kuandika kwamba "interest" zetu ni kusoma na kupika, yaani mambo tunayoyapenda. Kwenye fomu ya mkopo neno hilo hilo ni riba. Dada wa Kiislamu hawezi kulipita neno hilo juu juu. Hapo Kiingereza kinaacha kuwa somo la shule, kinakuwa suala la halali na haramu.

Tukija kwa mabibi harusi wetu, sikilizeni kwa makini. Nikaha inafungwa kwa lugha tunayoielewa, alhamdulillah. Lakini baada ya fungate karatasi huanza kuja: mkataba wa nyumba ya kupanga, bima, mkopo wa biashara ya mume, fomu za hospitali. Huku bara Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria imekupa ulinzi, lakini ulinzi huo unapita kwenye saini yako. Ukisaini usichokielewa umeutoa kwa mkono wako mwenyewe.

Na ukiwekwa kuwa mdhamini, tafuta maneno "jointly and severally". Hiyo "severally" inafanana na "several", kwa hiyo mtu anadhani deni limegawanywa kwa watu kadhaa. La. Inamaanisha anayedai anaweza kumfuata yeyote kati yenu kwa deni lote. Mume akishindwa, wanaweza kuja kwako kwa deni zima, si nusu. Hatusemi usimdhamini mumeo. Tunasema udhamini ukijua unachobeba.

Wapo watakaosema haya ni ya dunia, na Kiingereza ni lugha ya kigeni. Tuwajibu kwa adabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mola wetu ametutaka tuandikiane madeni kwa uadilifu. Kuandika kuna faida gani kwa asiyejua kilichoandikwa? Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu wa kuaminika, na imepokewa kwamba alijifunza kwa nusu mwezi. Na Bibi Shifa bint Abdillah ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Kujua maandishi si jambo geni kwa wanawake wa dini hii.

Wengine watasema tudai Kiswahili. Hapo tuko pamoja kabisa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na sisi tunaona mikataba nayo ifuate. Kila ukipewa karatasi ya Kiingereza, omba kwanza ya Kiswahili, bila kuona haya. Lakini mpaka siku zote zitakapokuwa hivyo, kalamu iko mkononi mwako leo.

Na wako wanaoona kwamba kufanya mazoezi ya Kiingereza ni kujidai. Kujidai ni kukunja ulimi ili uonekane umetoka London. Lafudhi yako ya Unguja, Pemba au Usukumani haimdhuru mtu. Hatukufundishwa kuona haya kwa lafudhi, tufundishane kuona haya kusaini kwa kukisia.

Tufanyeje basi? Tufanye kama chuoni kwa ustadhati. Kule hatukusema "naelewa kiasi". Tulirudia aya moja kwa sauti mpaka ikanyooka, kwa sababu tuliambiwa kuvuta herufi isiyovutwa kunaweza kugeuza maana. Nidhamu ile ile tuilete hapa.

Kwanza, kitu kimoja kwa wiki. Wiki hii "by" na "until", wiki ijayo "unless". Dakika kumi na tano baada ya Alfajiri zinatosha kuliko saa tatu za Jumapili moja kwa mwezi.

Pili, tumia karatasi zako mwenyewe. Chukua fomu ya mkopo, maelezo ya dawa, meseji ya muuza vitambaa. Pigia mstari vitenzi vyote na yale maneno madogo. Kisha sema kila sentensi kwa Kiswahili kamili, kana kwamba unamwelezea mama. Ukikwama, hapo ndipo hujaelewa, hata kama kila neno unalijua.

Tatu, daftari la misamiati lisiwe la neno moja moja. Andika maneno yanayotembea pamoja: "pay a deposit", "sign a contract", "meet a deadline". Neno peke yake ni kama mkono wa gauni usio na kiwiliwili, hulivai.

Nne, ukipata kitabu cha Raymond Murphy, English Grammar in Use, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kinafaa sana kwa watu wa katikati. Somo moja lina kurasa mbili, maelezo kushoto na mazoezi kulia. Tovuti ya LearnEnglish ya British Council nayo ina mazoezi ya bure ya ngazi ya B1 hadi B2.

Tano, tafuta mwenzako mmoja mnayeheshimiana, msahihishane. Sisi tunamwita mume "she" bila kujua, kwa sababu Kiswahili chetu hakitofautishi. Dada yako akucheke nyumbani, si mtu wa zabuni akucheke mezani.

Na kwenu akina somo na makungwi mnaowaandaa mabinti: mnawafundisha kujistahi, usafi na kumtunza mume, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Ongezeni jambo moja. Mwambieni bibi harusi kwamba ana haki ya kusema, "Niachie hii karatasi mpaka kesho nikaisome." Sentensi hiyo haimvunjii mtu heshima, na aliyekuja kwa nia njema hatakasirika kusubiri. Kisha akaisome kweli, neno kwa neno.

Wabillahi tawfiq.