Nukta mbili na vistari, kwa Kiingereza cha Wasini
Anayeandika kibao cha watalii katika kisiwa cha Wasini, Kenya, asiweke nukta mbili mara tu baada ya kitenzi: “Visitors see: dolphins and turtles.” Hiyo si sahihi! Sentensi ikamilike kwanza: “Visitors see two animals: dolphins and turtles.”

Vistari ndivyo vinavyochanganya zaidi.

Jina la hifadhi, Kisite-Mpunguti, huungwa kwa kistari kifupi. Safari ya boti, Shimoni–Wasini, hustahili kirefu kidogo, maana kinasimama badala ya “kutoka” na “hadi”. Kirefu kabisa hutenga maelezo ya pembeni: “The boardwalk—run by village women—crosses the coral garden.” Hapo vije viwili, cha kufungua na cha kufunga; walimu wa kaunti ya Kwale wakikazie sana hicho cha pili, kwani wanafunzi hukisahau.